Furushi la Senene Hadi Dodoma

Baba Mdogo alinitumia ujumbe mara tatu kabla sijamaliza kunyonyoa mabawa ya senene. Mara ya kwanza alimtuma mke wake. Mara ya pili akamtuma balozi wa nyumba kumi. Mara ya tatu akaja mwenyewe, akasimama kwenye mpaka wa kibanja chetu cha migomba, pale kwenye mstari wa mibuni, akasema bila kuingia:

"Binti yangu, nasikia mwaka huu umepata senene wengi."

"Nimepata, Baba Mdogo."

"Basi nawasubiri."

Niliendelea kunyonyoa.

Kwa msomaji wa mbali nitaeleza mara moja tu. Kwetu Muleba, senene, wadudu wa msimu wa kuliwa, wakishuka, mwanamke ndiye anayeamka alfajiri kwenda rweya, kwenye nyika ya majani iliyo nje ya migomba, kuwaokota wakiwa wamelowa umande na hawawezi kuruka. Yeye ndiye anayewanyonyoa mabawa na miguu, anayewakaanga kwa chumvi na kuwakausha juu ya moshi. Kisha anawafunga kwenye majani ya mgomba na kumpelekea mwanamume wa nyumba, awe mume au baba. Mwanamume anakula, na kwa shukrani anamnunulia mwanamke nguo mpya. Mwanamke mwenyewe hali. Siku hizo hakula kuku, hakula mayai, na senene ndiyo kabisa. Kwa hiyo ukitaka kujua nyumba ni ya nani, usimuulize mtu. Tazama senene wa nyumba hiyo wanapelekwa kwa nani.

Baba Mdogo alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Ndiyo maana alikuwa na subira.

Mama alitutoka kitinda mimba wetu akiwa hajaanza kutambaa. Baba akafuata baada ya miaka miwili. Tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu wa kike anayenifuata, mvulana mmoja tu, halafu kitinda mimba, naye wa kike. Mimi nilikuwa darasa la tano katika shule ya misheni, na nilikuwa najua kugawanya kwa tarakimu mbili. Matanga yalipokwisha ndugu walikaa kutugawa. Shangazi, dada yake Baba, akamchukua kitinda mimba akaenda naye Bukoba mjini, mtaa wa Bakoba. Mimi nikasema hao wawili waliobaki hawaendi popote, nitawalea hapa hapa. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Walicheka, lakini hakuna aliyekuwa na haraka ya kuongeza midomo nyumbani kwake, wakaniachia.

Niliacha shule, nikashika jembe. Nilikata nyasi rweya nikatandaza chini ya migomba, nikapogoa mibuni, nikachuma kahawa na kuianika. Mdogo wangu wa kike alipokua akaolewa na mwanamume wa Mwanza aliyekuja kwetu na kikosi cha kutengeneza barabara. Mvulana alisoma. Alisoma mpaka sekondari, akapata kazi Dodoma, ukarani wa stoo mahali walipokuwa wanajenga majengo ya makao makuu mapya.

Miaka yote aliyokuwa nyumbani, senene walikuwa wake. Alikuwa na miaka minane, amekaa kwenye kiti cha Baba, miguu haigusi chini, nami nampelekea sahani kwa mikono miwili kama ninavyompelekea mzee. Baba Mdogo aliona na kunyamaza. Mrithi alikuwepo, ingawa alikuwa mdogo.

Sasa mrithi alikuwa Dodoma, na huu ulikuwa msimu wa kwanza yeye hayupo. Ukoo ungekaa baada ya mwaka mpya kuamua juu ya kibanja. Baba Mdogo alikuwa ameanza kusema, kwenye misa na kwenye pombe, kwamba nyumba isiyo na mwanamume si nyumba, na kwamba serikali inatoa ardhi Ngenge kwenye kijiji kipya cha ujamaa, ardhi tele, huko msichana mwenye nguvu kama mimi ataishi vizuri sana. Katibu wa tawi alikuwa anaandika majina. Baba Mdogo alikuwa ameshamtajia langu.

Kama ningempelekea senene, hata kiganja kimoja, mbele ya ukoo angesema: mnaona, yeye mwenyewe ananitambua. Na kama ningekaa nao ndani wakaoza, angesema nyumba haina mtu. Nilifikiri siku mbili. Kisha nikawafunga vizuri kwenye majani mawili ya mgomba, moja juu ya lingine, nikakaza kwa kamba ya mgomba kwa fundo alilonifundisha Baba, nikaenda kwa balozi kuomba barua ya safari.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Kumpelekea mwenye nyumba senene wake."

"Dodoma?"

"Kama amehamia Dodoma nifanyeje?"

Balozi alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Lakini barua aliandika.

Basi lilianzia Bukoba, na lilikuwa likifika Muleba limeshajaa. Kwa hiyo nilipanda kwanza lori la ndizi kwenda mjini, nimponyoke Baba Mdogo na nipate kiti. Nililala kwa Shangazi Bakoba. Kitinda mimba wetu alikuwa amerefuka kunipita, anavaa sare ya shule yenye mikunjo iliyopigwa pasi. Aliponiona hakujua anisalimu kama dada au kama mama, akapiga magoti. Nikamwinua. Shangazi alilitazama furushi langu kwa muda.

"Kaka yako wa baba atakasirika," akasema. Hivyo ndivyo alivyomwita Baba Mdogo alipotaka kumdhihaki, kana kwamba ni mtoto mwenzetu.

"Ameshakasirika, Shangazi."

"Na huyo wa Dodoma akikataa?"

"Akatae nini? Ni senene."

"Hujanielewa," akasema, akaenda kuchochea moto. Nilimwelewa. Sikutaka tu kumsikia.

Nimeona watu wakisimulia safari zao kana kwamba barabara iliwatendea wema. Ile ya kwetu haikumtendea mtu wema. Hadi Biharamulo ilikuwa vumbi jekundu na mashimo, na kila shimo dereva aliliingia kama anayelidai. Niliketi nimepakata furushi. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja wa Kibeta, mfanyabiashara wa ngozi, ambaye pua yake ilimwambia habari zangu tulipokuwa bado tunaona ziwa.

"Mwanangu, hapo una senene."

"Ninao, mzee."

"Wa kukaanga au wa moshi?"

"Wa moshi."

Akafumba macho. "Nipe mmoja tu nionje."

"Hapana, waitu, mzee wangu. Wana mwenyewe."

"Mmoja hapunguzi kitu!"

"Mwenyewe ndiye wa kwanza. Akishaonja, nitakuja Kibeta nikuletee."

Akanung'unika, lakini alikuwa Mhaya, alijua. Hakuomba tena. Nikamsimulia ugomvi wa kibanja cha Muleba, naye akabaki akivuta pumzi kwa nguvu mpaka Biharamulo.

Mbele ya Biharamulo kulikuwa na kizuizi. Wakati ule kahawa iliuzwa kwa ushirika tu, na aliyeisafirisha bila kibali alihesabiwa mlanguzi. Askari kijana aliingia akipekua mizigo. Aliponiona nimekumbatia furushi kama mtoto mchanga, macho yake yakang'aa.

"Fungua."

"Si kahawa, afande."

"Kila mtu wa Bukoba ananiambia si kahawa. Fungua."

"Siwezi kufungua. Kuna mtu wa kulifungua."

Nilijua naongea upumbavu mbele ya mtu mwenye bunduki, lakini mdomo wangu haukutaka kusema kitu kingine. Askari akalichukua furushi, akalifungua fundo la Baba kwa vidole viwili, akafunua jani, akaruka nyuma.

"Panzi!"

"Senene," nikasema.

"Ni panzi hawa!"

"Panzi ni wa kwenu, afande. Hawa ni senene."

Mzee wa Kibeta akasimama. "Afande," akasema kwa upole mkubwa, "jihadhari. Ukila hata mmoja umepata kibanja Muleba, na ugomvi wake wote."

Basi lote likapasuka kicheko. Wahaya walicheka kwa sababu walielewa, wengine kwa sababu Wahaya walicheka. Askari naye akacheka, akanirudishia furushi limefunguka. Hakula. Nililifunga tena, lakini fundo halikukaa kama la kwanza, na nilibaki na wasiwasi hadi kivukoni, kana kwamba jicho la mgeni limeshapunguza kitu.

Mwanza niliiona kwa mara ya kwanza kutoka kwenye kivuko, mawe yamepandana juu ya mawe kama yaliyosahauliwa na mjenzi. Mdogo wangu alikuwa anakaa kwenye mtaa wa mlimani, nyumba imeegemea jiwe kubwa kuliko yenyewe. Shemeji yangu alikuwa mtu mzuri. Alinipokea mzigo, akaniita dada, akaenda kutafuta samaki. Alipotoka tu, mdogo wangu akakaa mkao wa kunipiga mkwara.

"Utaolewa lini wewe?"

"Habari za safari ni nzuri, asante."

"Nakuuliza kweli. Una miaka ishirini na ngapi? Umekaa unalinda migomba kama mbwa. Ukiolewa, kibanja cha nini? Na usipoolewa, watoto wa kukirithi watatoka wapi?"

"Baba na Mama wamezikwa pale."

"Najua walipozikwa. Nililia kuliko wewe."

"Mimi sikupata nafasi ya kulia. Nilikuwa napika."

Tulitazamana. Tangu utotoni yeye alikuwa mwepesi wa maneno na mimi mzito, lakini siku hiyo alitumia mikono. Akamchukua mtoto wake aliyekuwa amelala, akaniwekea mapajani. Mtoto wa kike, mnene, mwenye jasho puani.

"Mguse kichwa," akasema.

"Kwa nini?"

"Mguse tu."

Nikamgusa. Kichwa cha mviringo, kizuri.

"Nilikula senene nikiwa na mimba yake," akasema mdogo wangu. "Shemeji yako alinunua kwa watu wa meli kutoka Bukoba. Hajui miiko yetu, akaniambia tule. Nikala. Nikala bakuli zima."

Tulilelewa tukiambiwa kwamba mwanamke akila senene atazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka kama cha senene. Niliamini hilo kama nilivyoamini kwamba mvua hutoka juu. Nikakigusa tena kile kichwa, mbele, nyuma, pembeni.

"Ni cha duara," nikasema.

"Kama chungu," akasema. Tukacheka mpaka mtoto akaamka na kulia.

Alitaka nimwachie mume wake sehemu ya senene. Nilikataa, na nilimwambia kwa nini. Hakukasirika. Asubuhi alinisindikiza stendi, akaniambia, "Ukimwona mdogo wetu, mwambie arudi. Akikataa, usimpige."

Toka Mwanza hadi Dodoma ilikuwa siku mbili. Nilikuwa sijawahi kuona nchi ambayo haina mgomba hata mmoja. Shinyanga ardhi ililala tambarare mpaka jicho likachoka. Kila tuliposimama nilikuwa natafuta mgomba kama mtu anayetafuta jamaa sokoni, na kila mara sikuupata. Singida tulilala kwenye nyumba ya wageni ambamo mama mwenye nyumba alituuliza sote tunatoka wapi, na nilipomjibu akasema, "Wale wanaokula ndizi kama chakula?" Nikamwambia ndiyo, na wewe unayekula uji mgumu kwa mkono je? Akafurahi, akaniongezea maharage.

Njiani niliona vijiji vipya, nyumba zimepangwa mistari miwili, mabati machache, udongo bado mbichi. Watu walikaa milangoni. Abiria mmoja alisema wamehamishwa msimu uliopita, na mashamba yao ya zamani yako mwendo wa saa tatu kwa miguu. Nilimtazama mwanamke mmoja aliyekuwa anapanda kitu mbele ya mlango wake mpya, anakichimbia kwa kisu, jua kali kichwani. Alikuwa hatazami basi. Sijui alipanda nini. Nilimwombea kiote, na nilijiambia kwamba mimi Ngenge siendi.

Dodoma nilimpata mdogo wangu wa kiume kwenye uzio wa mabati, kalamu sikioni, anaandika magari ya saruji yanayoingia. Alikuwa na ndevu. Aliponiona aliangusha daftari, akaja mbio, akanikumbatia mbele ya vibarua, jambo ambalo kwetu mwanamume hafanyi. Kisha akanipeleka chumbani kwake, chumba kimoja, kitanda cha kamba, picha moja ya Baba iliyokatwa kutoka kwenye picha ya kipaimara cha mtu mwingine.

Niliweka furushi mezani mbele yake. Hakuligusa.

"Umetoka nalo nyumbani?"

"Nimetoka nalo nyumbani. Limepekuliwa Biharamulo, limeombwa Mwanza. Ni lako. Ule, halafu urudi. Ukoo unakaa baada ya mwaka mpya. Baba Mdogo anataka kibanja."

Kisha akaanza kuongea kama watu wa mikutano.

"Dada, ardhi ni mali ya taifa. Haya mambo ya ukoo kukaa na kugawa vibanja ni ukabaila."

"Vizuri. Njoo umwambie Baba Mdogo. Taifa bado halijamfikia."

Alicheka kidogo, halafu akaacha. Akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Sirudi, Dada."

"Krismasi tu."

"Krismasi naweza kuja mwaka mwingine. Kuishi, sirudi. Nina kazi hapa. Kuna msichana. Mimi sijui hata kupogoa mbuni, wewe ulikuwa hunipi kisu, ulikuwa unaniambia nikasome."

"Niliacha shule kwa ajili yako."

"Najua."

"Niliacha darasa la tano."

"Najua, Dada. Lakini sikukuomba."

Nilisimama. Yale maneno ya mdogo wangu wa Mwanza, usimpige, niliyakumbuka, na nilihitaji kuyakumbuka. Nilitoka nikakaa kizingitini, vumbi la Dodoma linanipiga miguu, nikiwaza zile siku zote za basi, nikiwaza kiti cha Baba na miguu isiyogusa chini. Nilikuwa nimebeba kitu kutoka ukingo mmoja wa nchi hadi katikati yake, na aliyelengwa hakutaka kukipokea. Nilitaka kulimwaga furushi barabarani, kuku wale.

Aliponifuata alikuwa amelifungua. Alikuwa ameshika senene mmoja. Akamtia mdomoni mbele yangu, akatafuna polepole.

"Wamekolea," akasema. "Ni wale wale."

Akanisogezea jani. "Kula."

"Usinitukane."

"Sikutukani. Mwenye nyumba ni anayekaa ndani yake. Mimi nimeshaonja changu. Waliobaki ni wako."

"Mimi ni mwanamke."

"Wewe ulinilisha senene nikiwa sijui hata kujifunga kamba za viatu. Ulidhani kwenye hicho kiti alikuwa amekaa mwanamume? Alikuwa amekaa mtoto. Mwanamume wa nyumba alikuwa wewe."

Sikula. Nililifunga furushi kwa mara ya tatu. Lakini nilipoondoka kesho yake, sikuwa na hasira naye tena. Kwa desturi alipaswa kuninunulia nguo, na maduka ya Dodoma mwezi ule hayakuwa na hata kipande cha kanga. Alitafuta asubuhi yote. Mwishoni akavua shati lake la kazi, kaki, lenye mifuko miwili na alama ya wino kwenye mmoja, akanipa. Akaniandikia pia barua kwa ukoo, karatasi mbili, zenye maneno ya usawa wa binadamu kila baada ya mstari. Niliisoma kwenye basi. Alikuwa na mwandiko mzuri. Nilijivunia mwandiko huo kuliko maneno yaliyomo.

Ukoo ulikaa nyumbani kwetu, Jumapili, baada ya misa. Nilitandaza nyasi mpya sakafuni, nikaandaa ndizi na maharage, nikatenga mbegu za kahawa za kutafuna kwa wageni kama inavyotakiwa. Wazee saba. Baba Mdogo akiwa na koti. Shangazi alikuja kutoka Bakoba na kitinda mimba wetu, wakakaa nyuma kwa wanawake. Katibu wa tawi naye alikuwepo, na daftari lake la Ngenge.

Kiti cha Baba kilikuwa kitupu, kimeachiwa mrithi. Nilivaa shati la kaki juu ya gauni langu, nikapita katikati ya wazee, nikakikalia.

Mzee mkubwa wa ukoo akanyanyua kichwa. Baba Mdogo ndiye aliyesema.

"Shati la nani hilo?"

"La mwenye nyumba."

"Yuko wapi?"

"Dodoma. Amelivua akanivika."

Nikawasomea barua. Nilisoma kwa sauti, bila kukwama, na nilimwona mzee mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba kumbe huyu anasoma. Nilipomaliza, mzee mkubwa akasema, "Karatasi hailimi."

"Hailimi, mzee. Mimi nalima. Nimelima miaka kumi na moja. Nani kati yenu ameingia kibanja hiki na jembe?"

Baba Mdogo akavuta pumzi. "Binti yangu, hakuna anayesema hukufanya kazi. Tunasema nyumba haina mwanamume. Hata senene wa nyumba hii hawajapata wa kuwapokea. Mmesikia wamezunguka nchi nzima na kurudi."

Nilikuwa nangoja hilo. Nikalitoa furushi chini ya kiti, nikalifungua mapajani. Majani yalikuwa yamekauka, yakapasuka. Nikachukua senene mmoja mbele ya wote, nikamtia mdomoni, nikatafuna.

Sitasema alikuwa mtamu. Alikuwa mkavu, ana ladha ya moshi na chumvi na kitu kama vumbi la Dodoma. Lakini nilimtafuna mpaka mwisho, nikameza, nikachukua wa pili. Nyumba nzima ilisikia meno yangu. Mke wa Baba Mdogo alishika kinywa. Mzee mmoja aligeuza uso ukutani.

"Mawe!" akasema Baba Mdogo, akimwita mama yake kwa Kihaya. "Unajua utazaa nini?"

"Nenda Mwanza ukamguse kichwa mtoto wa mdogo wangu," nikamjibu, "halafu urudi uniambie."

Mdomoni nilikuwa na wa tatu. Jambo hilo halikuwahi kutokea, na wazee wetu walikuwa hodari kwa mambo yaliyowahi kutokea. Kisha kutoka nyuma, kwa wanawake, nikasikia sauti ya Shangazi, tulivu, kama anayeuliza jambo la kawaida jikoni:

"Chumvi imetosha?"

"Imetosha, Shangazi."

Kitinda mimba wetu akaanza kucheka, akaziba uso kwa sare yake. Mwanamke mwingine akamfuata. Na wazee, ambao wangeweza kushindana na mimi siku nzima, hawakuweza kushindana na kicheko kile. Mzee mkubwa akachukua mbegu zake za kahawa, akazitafuna, akasema mambo haya yafikiriwe. Wakala ndizi zangu, wakaaga.

Katibu wa tawi alibaki mlangoni na daftari. "Sasa jina lako Ngenge nilifanyeje?"

"Likate. Mimi nimeshakaa kijijini."

Akalikata mbele yangu, kwa mstari mmoja.

Ukoo haukukaa tena juu ya jambo hilo. Hakuna aliyetamka kwamba kibanja ni changu, na hakuna aliyekuja kuchuma kahawa yangu. Huo ndio ulikuwa uamuzi, na niliuchukua kama ulivyo. Niliolewa baadaye, na mume ndiye aliyehamia kwangu. Walisema juu ya hilo pia, mpaka wakachoka. Nina watoto wanne, na vichwa vyao vyote ni vya duara.

Msimu uliofuata senene walishuka wengi kuliko kawaida. Nilikwenda rweya, nikaokota, nikanyonyoa, nikakaanga. Nikakaa kwenye kiti cha Baba, nikala wa kwanza mimi. Nilipotosheka, nikaweka kiasi kwenye sahani, nikaifunika kwa jani, nikampelekea Baba Mdogo mpakani, kama mtu anavyompelekea jirani.

Aliipokea ile sahani, akaitazama. Alijua maana ya sahani iliyotoka kwenye nyumba ambayo mwenyewe ameshakula. Nilidhani ataitupa.

Jioni mke wake aliirudisha. Ilikuwa imeoshwa, na ilikuwa tupu.